Gitaa la Baba na Panga la Mama

Maboksi ya spika ya siku hizi hayanuki kitu. Juzi kwaya yetu hapa Mbeya ilipata mapya, meusi, ya plastiki, na vijana waliyazunguka wakipiga picha kama wamepata ndugu kutoka ng'ambo. Nikasogea, nikainama kama mtu anayefunga kiatu, nikanusa. Hakuna kitu. Wenzangu walicheka, na siwalaumu, mwalimu mzima ananusa spika. Lakini mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo spika zilinuka moshi wa jikoni, gundi ya mbao na harufu ya ndizi zinazochemka. Siku ile nilirudi nyumbani nimechoka kuliko kazi niliyokuwa nimefanya, nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Kwetu ni Kinyala, kwenye ile miteremko ya Rungwe ambako mvua ikianza watu husahau rangi ya jua. Babu yangu, baba wa baba, alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda na majeneza, na mambo ya muziki hakuwa nayo mpaka baba alipomwingiza. Baba ndiye aliyepiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisani, na alikuwa amechoka na maboksi ya dukani ambayo yalikula unyevu yakaumuka kama andazi. Akamwambia babu, "Baba, wewe unatengeneza jeneza halipitishi hata hewa. Utashindwaje boksi la spika?" Babu alinung'unika wiki nzima kwamba hawezi kuwatengenezea watu jeneza la kelele. Halafu akatengeneza. Muda si mrefu wanakwaya wakawa wanakuja kutoka Lupepo na Matwebe na spika zilizochanika, wamezifunga kwenye magunia, wamezibeba kichwani katika mvua.

Ugumu wa kazi ile ulikuwa mbao. Kwetu ukiuacha ubao wa msindano nje ili ukauke, utauota uyoga. Kwa hiyo babu alizikausha mbao zake juu ya uchaga wa jikoni kwa mama, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Ndiyo maana boksi la babu, hata likipakwa rangi mara mbili, lilinuka moshi. Watu wa kwaya walisema kwa utani kwamba wakifungua besi wanasikia njaa.

Sasa niwaambie jambo ambalo wanafunzi wangu wa leo huwa hawaniamini. Mama na babu waliishi uwanja mmoja, walifanya kazi moja, na hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu mama alipoolewa. Huo ulikuwa mwiko wetu wa zamani: mke wa mtu hamtazami baba mkwe, wala hakai naye chumba kimoja, wala hamtaji jina. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshaulegeza, lakini babu alikuwa mtu wa kale na mama hakutaka kusemwa. Babu akitoka karakana alikohoa kabla ya kupinda kona. Mama akisikia kikohozi aliingia migombani, au aligeuza mgongo na kujifunika khanga. Kanisani mama aliimba mbele, kwa hiyo babu alikaa benchi la mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, na aliondoka kabla ya baraka.

Na kati yao nilikuwepo mimi, Atupele, na miguu yangu. "Mpelekee wa kule chakula," mama alisema. "Mwambie mama yako zile mbao za chini azigeuze," babu alisema. Mama alikuwa jikoni na babu karakana, na kati yao palikuwa na hatua ambazo mbuzi angezipita akitafuna. Nililala nimechoka kama mchuma chai, na mchuma chai mwenyewe, mama, alikuwa kitanda cha pili.

Nilidhani wanachukiana. Nisingeweza kufikiri vinginevyo. Mtu anayekupenda hukutazama, hivyo ndivyo nilivyojua.

Baba alikufa msimu wa mvua, kwa homa iliyoanza kama mchezo. Babu alimtengenezea jeneza mwenyewe, na hakukubali mtu amshikie hata msumari. Sitaeleza zaidi, kwa sababu hata leo sauti ya randa hunifanya nitoke nje ya chumba.

Siku ya matanga wazee waligawa vitu vya marehemu kwa desturi, na vitu vya marehemu kwetu vilikwenda kwa ndugu yake. Ndugu yake alikuwa baba mdogo Gwamaka, kijana aliyepiga muziki kwenye bendi ya harusi huku Mbeya. Wazee walisema gitaa la besi ni lake, na babu akaitikia mbele ya watu wote. Gwamaka alisema atakuja kulichukua Pasaka, kwa sababu shingo ilikuwa imepinda na alitaka babu alinyooshe kwanza.

Mama alikuwa jikoni siku ile, anapakua. Sahani aliyoishika hakuiangusha. Aliishika tu kwa muda mrefu mpaka mama mwingine akaichukua mikononi mwake.

Nilidhani hakuna aliyejua, isipokuwa mimi, kwamba mama alikuwa anapiga lile gitaa. Baba alikuwa amemfundisha jikoni, jioni, wakisubiri maharage yaive. Shida ni kwamba mama alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Gitaa alilishika kinyume, nyuzi nene zikawa chini na nyembamba juu, vitufe vya sauti vikamchoma kwenye mkono, na vidole vyake vikawa vinatafuta sauti kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Baba alikuwa akicheka hadi machozi. Baada ya kufa kwake, mama aliendelea peke yake. Alirudi kutoka shamba la chai na kapu, mgongo umelowa, akabandika chungu, akalichukua gitaa na kulipiga bila umeme, kimyakimya, akikosea palepale kila siku. Aliniambia hivi, na sijasahau: "Atupele, nimechoka mpaka kwenye meno. Wakichukua na hili, sijui nitakaa hapa kama nani."

Niliogopa sana. Kwetu mtoto ni wa upande wa baba. Mama akirudi kwao, mimi ningebaki na mzee ambaye, kwa hesabu zangu, alimchukia.

Wiki chache kabla ya Pasaka babu akaniagiza nimletee gitaa. Nikalichukua jikoni, mama akanipa. Siku iliyofuata akaniagiza kitu cha ajabu. "Niletee panga la mama yako."

"Panga lipi, babu?"

"Lile la migombani. Gwe, mama yako ana mapanga mangapi?"

Nikampelekea. Lilikuwa panga la miaka mingi, mpini wa mti uliolika pale vidole vinaposhika. Babu alilishika kwa mkono wa kulia, akalizungusha, akalishika tena, akatikisa kichwa. Akalihamishia mkono wa kushoto. Vidole vyake vikaingia kwenye yale mabonde ya mpini, kidole gumba kikakaa mahali pake. Akakaa hivyo kwa muda, mzee mrefu ameshika panga asilokata nalo kitu. Kisha akalinoa, akanirudishia, akasema, "Mwambie ndaga." Ndaga ni asante. Nilimwambia mama, na mama hakuelewa anashukuriwa nini.

Kesho yake nilisikia msumeno. Nilikimbia karakana nikamkuta babu ameliweka gitaa la baba kwenye meza na anakata. Lile gitaa lilikuwa na pembe mbili, na upande mmoja palikuwa na nafasi ya mkono kufikia sauti za juu. Babu alikuwa anachimba nafasi kama ile upande wa pili. Vitufe alikuwa ameving'oa, nyuzi zote zimetoka, na pale nyuzi zinapopita juu ya shingo alikuwa ametoa kile kipande chenye mikato, anachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe. Vumbi la mfupa linanuka kama jino kwa daktari. Nililia kwa sauti, nikamwambia ameua gitaa la baba. Babu hakunikaripia. Alisema tu, "Mtoto, toka hapo, utaingiza machozi kwenye gundi."

Mama nilipomwambia alikaa chini. "Basi," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki." Na akaendelea kumenya ndizi, kwa mkono wake wa kushoto, polepole, kama mwanamke wa miaka mia.

Gwamaka alikuja na koti jipya na haraka zake za mjini, hata chai hakutaka kukaa anywe. Mkamia maji hayanywi. Babu alikuwa ametoa boksi uwanjani, kubwa, jipya, amelitengeneza kwa mbao zilizokaa kwenye moshi wa mama muda mrefu kuliko zote, na ameunganisha amplifaya kwenye betri ya gari. Akampa gitaa. Gwamaka akavaa mkanda, akaweka vidole, akapiga. Ilitoka sauti ya ng'ombe aliyekanyagwa. Akatazama chini.

"Mzee! Umelifanyia nini? Nyuzi zimegeuka!"

"Nimelinyoosha," babu alisema.

"Dah, mzee, hili ni la mashoto!"

"Nimezeeka. Labda macho."

Gwamaka alijaribu kuligeuza, likamkataa. Pembe ilimchoma mbavu, vitufe vikawa upande usiofikika. Alisema nyuzi zinaweza kurudishwa, halafu akaiona ile pembe iliyokatwa, na ule mfupa uliogandishwa kwa gundi, akaacha kuligeuza. Babu alilichukua gitaa taratibu begani kwa Gwamaka, akanipa mimi. "Mpelekee aliyeko jikoni. Waya upitishe chini ya ukuta wa mianzi."

Nikampelekea. Mama alilipokea, akalivaa upande wake, na nikaona mabega yake yakishuka. Uzi mnene ulikuwa juu, mahali unapotakiwa. Mkono wake wa kulia ukapanda shingoni, wa kushoto ukaangukia kwenye nyuzi. Alianza na wimbo ambao baba alimfundisha, na pale alipokuwa akikosea kila siku akapita bila kukosea. Nikachungulia nje. Boksi lilitoa sauti iliyopita ardhini, kuku walihama. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ameupa jiko kama mwiko unavyotaka, na kiganja chake amekilaza juu ya boksi. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaliambia lile boksi, "Ndaga fijo." Asante sana.

Gwamaka aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana tu, na alikuwa amempoteza kaka. Aliomba apewe koti la baba la mvua, akapewa, akanywa na chai, akashuka zake. Wazee walipouliza, babu aliwajibu kwamba neno lake halikubadilika, gitaa alimpa Gwamaka, ila limemkataa mkono.

Mama alibaki Kinyala. Aliendelea kuchuma chai na kupiga besi kwenye kwaya, na babu aliendelea kukaa nyuma ya nguzo. Hakuna aliyevunja kitu. Babu alikufa nikiwa chuo cha ualimu, na mama hakuwa amewahi kumwona uso.

Siku ile ya uwanjani mimi nilielewa jambo moja tu, kwamba Gwamaka amechezewa na babu ni mjanja. Nilifurahi kwa ajili hiyo, furaha ya mtoto. Ilinichukua miaka mingi, ndoa, na uchovu wangu mwenyewe, kuelewa yale mengine. Mzee yule hakuruhusiwa kumtazama mke wa mwanawe, basi alitazama kila alichokigusa. Alimsikia kupitia mianzi akikosea palepale. Alitaka kuwa na hakika kabla ya kukata mti, hakuweza kumuuliza, na akaona aibu kuniuliza mimi, kwa hiyo akaagiza panga. Nilidhani kutotazamwa ni kutopendwa. Nilimwambia mama hivyo mwaka jana. Akacheka, akasema, "Mwanangu, yule ndiye mtu aliyenijua kuliko wote. Hata baba yako alinicheka tu."

Mimi nimeolewa kisasa. Baba mkwe wangu ni mtu mwema, mstaafu wa serikali, na hatuna mwiko wowote. Akija kututembelea hukaa meza moja nasi, nampakulia ananitazama usoni, tunasikiliza taarifa ya habari pamoja, ananiita mwanangu. Jumapili iliyopita, mbele ya wageni, alinisifia upishi, akachukua kalamu, akitaka niandike namba ya simu ya dada yake, akaninyooshea. Nikaipokea, nikaandika. Akasema kwa mshangao, "Ala! Kumbe wewe ni wa mkono wa kushoto?"

Tunakula naye miaka kumi na moja sasa.