Sindano ya Ta Eliodoro

Itangazwe kwa wakazi wote wa mji wa Juchitán, Meksiko, wenye masikio na wale ambao upepo umeshawaziba, kwamba Ta Eliodoro, yaani Mzee Eliodoro, mwendesha mkokoteni wa maksai, mwanamume aliyewahi kumwangusha fahali kwa pembe mbele ya padri, ameketi mlangoni pake mchana kweupe anadarizi ua.

Watu walisimama kutazama. Wengine walirudi nyumbani kuchukua viti.

Kisa kilianza Mei iliyotangulia, siku ya kurusha matunda. Desturi yenyewe haina mjadala: wasichana hupanda mikokoteni iliyopambwa, wamevaa blauzi za mahameli, wakawatupia watu ndizi, maembe na vibeseni vya plastiki, wavulana hufuata nyuma juu ya farasi. Ubaldo, mtoto wa Ta Eliodoro, miaka sita, aliomba kukaa mkokotenini na wasichana.

Mji ule una muxe kila mtaa, watu waliozaliwa wavulana na mioyo yao ikaenda upande wa akina mama, na Ta Eliodoro hakuwa na neno nao. Mjomba wa mkewe, Tino, ni muxe, na katika kudarizi hana mpinzani. Ta Eliodoro alikunywa naye bia kila Jumapili, akimsifu mpaka machozi. Muxe wa nyumba ya mwenzio ni baraka kubwa. Akamvika mwanawe kofia ya kiume, akampandisha farasi.

Mtoto hakulia. Alishuka, akanyamaza, akaendelea kunyamaza. Akaacha kula, hata uduvi mkavu aliozoea kuuiba kwenye kapu la mama yake, Na Roselia, yaani Bi Roselia, muuzaji wa sokoni. Akawa anang'oa kope zake mojamoja na kuzipanga dirishani. Wakamnywesha dawa ya minyoo. Wakampangusa kwa majani ya mrehani. Mwishowe nesi wa zahanati akasema tumbo ni zima, kinachoumwa ni moyo, akauliza ni nani pale nyumbani anayemwonea haya mtoto huyu. Ta Eliodoro akasema hakuna. Alilirudia jibu hilo njia nzima, na waliomwamini ni maksai peke yao.

Akaenda kwa Tino kuomba mtoto ashonewe blauzi ndogo.

"Wiki tatu naimaliza," Tino akasema bila kuinua macho. "Lakini ataivaa akijua mimi nampenda, na hilo analijua tangu zamani. Chukua sindano mwenyewe, mkwe."

"Kwa vidole hivi?"

"Hivyohivyo. Na ukae mlangoni. Ukijificha chumbani, mtoto ataiona haya yako."

Ndipo akakaa mlangoni, miezi minne. Ua la kwanza lilifanana na yai lililokanyagwa. Wauza samaki walipopita waliuliza kama lile ni ua au iguana.

"Ni ua," akasema.

"Basi limwagilie, Ta Eliodoro. Limekauka."

Hakuinuka. Alijidunga, akafyonza kidole, akaendelea. Mikono iliyozoea kamba za maksai ilishika uzi mwekundu kama mikono ya mtu anayebatiza. Kicheko cha mtaa kikapungua, kikaisha, na wapitao wakaanza kushusha sauti kama wanaopita mbele ya altare. Wiki ya sita Ubaldo alikuja akaketi hatua tatu kutoka kwake. Wiki ya nane, hatua moja. Kisha adhuhuri moja, baba akiwa anahangaika na tundu la sindano, mtoto akamnyang'anya uzi, akautunga, akamrudishia. Akaingia ndani, akala chapati ya mahindi nzima. Na Roselia alisimama na sufuria mkononi, akasahau alikuwa anakwenda wapi nayo.

Mei ikafika. Ubaldo akasimama juu ya mkokoteni na blauzi yake iliyopinda, maua yake kila moja la ukoo tofauti, na baba yake mbele akiongoza maksai. Embe la kwanza alilotupa mtoto lilimpata Ta Eliodoro kisogoni, kofia ikaruka.

"Baba, wasogeze maksai," sauti isiyosikika mwaka mzima ikasema. "Wale wa nyuma siwafikii."

Akawasogeza. Mikono ya kudaka ikainuka njia nzima.

Jioni shemeji yake, Na Sabina, alimshika mabega huku analia, akamwambia mji haujawahi kuona baba wa namna hii, wajukuu watahadithiwa, na aseme basi, ni nguvu gani iliyomshukia moyoni hata akaishika ile sindano.

Ta Eliodoro alifikiri kidogo, akiwafungua maksai.

"Mtoto alikuwa hali chakula," akasema.