Nilimwambia Dada Anisubiri, Kumbe Mimi Nasubiri Gari Jekundu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana kijijini kwetu wanausoma ukurasa huu. Nina miaka sabini na mmoja, mke wangu alishafariki. Nilikuwa mchora ramani, nimeishi Mwanza zaidi ya miaka arobaini. Kwetu ni kijiji cha Malindi, milimani juu ya Lushoto.

Aliyenilea ni dada yangu. Wazazi walipofariki aliacha shule, akawa anauza mapeasi sokoni Soni ili mimi nisome. Hapo Soni, nikiwa mtoto, niliona gari dogo jekundu la spoti, milango miwili, limelala chini karibu na lami. Sikulisahau tena.

Nilipostaafu nikaanza kuweka akiba. Mwaka juzi zilitosha kununua gari la kawaida, la juu, linalopanda mlima. Muuzaji akanionyesha na jekundu. Nyongeza yake ilikuwa kubwa. Nikajiambia, nimevumilia maisha yote, mwaka mmoja na nusu ni nini?

Siku zilezile dada akanipigia simu. Macho yalikuwa yanafifia. Zahanati walimwambia ni presha ya macho, aende haraka hospitali kubwa. Dada hawezi kupanda basi, kona za kushuka Mombo humtapisha mpaka anaishiwa nguvu. Mpwa wangu alitaka kumkodia teksi. Mimi ndiye niliyesema, "Dada, usihangaike. Gari langu liko njiani, nitakupeleka mwenyewe." Halikuwa njiani. Nilikuwa bado natafuta nyongeza.

Kila alipouliza nilimjibu limekwama bandarini.

Mwezi uliopita nikalinunua lile jekundu, nikalipandisha Lushoto. Nakiri, kutoka Mombo hadi Soni, kona baada ya kona, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu mke wangu afariki. Lushoto mjini nikamkuta mpwa wangu. Akalizunguka mara mbili.

"Shikamoo mjomba. Sasa hili ni la kuendesha au la kulalia?"

"Marahaba. Panda twende nyumbani."

"Kwa njia yetu ile? Mjomba, litaacha tumbo lake kwenye mawe."

Njia ya kwetu nilikuwa nimeisahau. Mimi, mchora ramani. Tukaliacha mjini, tukapanda bodaboda.

Majirani walikuwa wamejaa uani, na mwinjilisti amekuja kuliombea gari. Dada alikaa mlangoni na kitenge kipya, mkoba mapajani, tayari kwa safari. Nilipomwamkia alisimama kwa furaha, akanyoosha mikono, akamkumbatia mwinjilisti.

Tulimpeleka kwa teksi. Daktari akaniambia, "Mzee, uoni uliopotea haurudi. Angeletwa mapema tungeuzuia."

Nimebaki Malindi namshika mkono kumpeleka chooni. Gari nitaliuza, hilo sihitaji ushauri. Ile nyongeza imelipwa na macho ya dada. Kinachoniua ni kwamba hanilaumu. Wageni wakija anawaambia, "Mdogo wangu alihangaika sana, waliomchelewesha ni watu wa bandari." Na kila jioni, kabla hatujala bada, ugali wetu wa muhogo, anafumba macho yale yasiyoona na kuwaombea msamaha watu wa bandari, kwa sauti, nami naitikia amina.

Mnaonisoma, wengi wenu ni umri wa wajukuu zangu, lakini nawasikiliza. Nimwambie ukweli, nimwondolee mtu pekee anayemwamini? Au niendelee kuitikia amina?