Mnyoo Aliyependa Mvuke

Jirani yangu Gommaar Wuyts ni fundi wa vinanda vya kanisa, vile vikubwa vya mabomba, na hapa mjini kwetu Lier hakuna kinanda ambacho hajatambaa ndani yake. Zamani kidogo aliishi Kamerun akitengeneza kinanda cha misheni. Alirudi na hadithi ndefu, asijue kwamba amerudi na mgeni pia.

Mgeni alijitokeza Jumapili moja, mezani. Gommaar alihisi jicho linamtekenya. Mkewe, Lutgart, akainama kumtazama, uma ukamponyoka.

"Gommaar! Kuna uzi kwenye jicho lako!"

"Uzi gani?"

"Uzi unaotembea!"

Kesho yake wakaenda kwa Dokta Bosmans, daktari wa mtaa. Akamulika: jicho safi kabisa.

"Ni mzio wa chavua za maua," akasema.

"Dokta, chavua ina mkia?" Lutgart akauliza.

Bosmans akamgeukia Gommaar. "Umesafiri karibuni?"

"Ndiyo. Tulikwenda pwani ya Ostend, kuota jua."

Kamerun hakuitaja, maana miaka minne ilikuwa imepita tangu arudi. Akapewa dawa ya matone.

Tangu hapo mnyoo akawa anapita jichoni apendavyo, lakini wakikimbilia kliniki, anazama. Siku moja kifundo cha mkono kilivimba kama andazi. Walipofika kwa daktari kilikuwa kimenywea. Bosmans akaanza kumtazama Lutgart kwa huruma, akamshauri apumzike.

Lutgart alifoka njia nzima. "Yaani mdudu yuko kwako, wazimu niupate mimi!"

Mpaka siku moja Lutgart akapika supu ya kome wa baharini na vitunguu. Gommaar alipofunua sufuria, mvuke ukampiga usoni na mnyoo akatoka kutembea. Wakafungua dirisha waone vizuri. Baridi ikaingia, mnyoo akazama. Gommaar akarudisha uso kwenye mvuke. Huyo tena!

"Kumbe anapenda joto!" Lutgart akasema. "Shika sufuria, twende hospitali kubwa ya Antwerp."

Dereva nilikuwa mimi. Gommaar aliketi nyuma, sufuria mapajani, uso ndani ya sufuria, na gari langu lilinuka vitunguu wiki nzima.

Hospitalini nesi akatuzuia mlangoni. "Baba, chakula hakiruhusiwi humu."

"Si chakula, dada," Lutgart akamjibu. "Ni chambo."

Tukapelekwa kwa Dokta Claes, mama mrefu anayetibu magonjwa ya nchi za joto.

"Umewahi kuishi Afrika ya Kati?" akauliza.

"Kamerun, lakini zamani sana."

"Mnyoo huyu huishi miaka mingi, bwana. Hebu inua uso."

Gommaar akainua, uso ukichuruzika supu. Dokta Claes akaruka kama mtoto aliyeona keki.

"Yule pale! Usipepese! Jamani, njooni!"

Wakaja wenzake, wakaja wanafunzi, wakasukumana kulichungulia jicho la Gommaar. Akatiwa ganzi, na mnyoo akavutwa kwa kikoleo: mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Watu wakapiga makofi. Gommaar, maskini, akainamisha kichwa kushukuru.

Kesho yake akatolewa damu saa sita mchana, maana watoto wa mnyoo huyo hutembea kwenye damu mchana tu. Wachache walionekana, akaanzishiwa vidonge, akapona.

Siku hizi msimuliaji ni Lutgart. Mnyoo mwenyewe alikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada, lakini juzi nilimsikia Lutgart sokoni akiwaambia wanawake kwamba mnyoo alitosha kufungia viatu, vyote viwili.