Kengele za Kaburini

Tao Suqin, muuza supu ya mbavu mjini Suizhou, hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Sokoni walijua ulimi wake unakata kuliko kisu chake. Lakini vitu vya wafu aliviogopa, na siku hiyo aliingia makumbusho shingo upande, kwa sababu mkaza mwana wake Lianzhi, mjamzito wa miezi minane, alikataa katakata kurudi nyumbani.

Kwao mwenye mimba hakaribii kaburi. Na humu karibu kila kitu kilifukuliwa kaburini: mitungi ya shaba, mapambo ya mawe ya kijani, mpaka majeneza ya wasichana waliozikwa pamoja na bwana wao. Suqin alikuwa amemfunga Lianzhi utepe mwekundu wa kinga tumboni, na bado hakuuamini.

"Usitazame jeneza! Tazama huko."

"Mama, huko nako kuna jeneza."

"Basi fumba macho, nitakushika mkono. Ubishi wako huu utatutokea puani!"

Lianzhi hakucheka. Aliharakisha hadi ukumbi wa kengele, jasho likimtoka. Kengele za shaba zilining'inia safu juu ya safu, zimeigwa kwa zile alizozikwa nazo bwana mkubwa wa kale, na wapigaji walikuwa tayari.

"Tutoke," Suqin alisema. "Mjukuu wangu hasikilizi ngoma ya wafu."

"Ndiyo niliyoifuata, Mama." Akalishika tumbo lake. "Mtoto hajacheza tangu jana jioni. Akisikia kelele huwa anaruka, nikasema labda kengele..."

"Tangu jana! Na umeninyamazia?"

"Ungesema nimejitakia."

Kweli angesema. Suqin alilijua hilo, na lilimuuma. Wafu wote walimtoka akilini. Ikabaki hofu moja tu, kubwa kuliko zote. Akaweka kiganja tumboni mwa Lianzhi, akangoja teke. Kengele ndogo zikalia. Kimya. Za kati zikalia. Kimya.

Suqin akaivuka kamba iliyowazuia watazamaji.

"Wewe baba! Ile kubwa ya chini, igonge!"

"Bibi, zamu yake bado..."

"Igonge, nakusihi! Hata wafu waamke, waamke tu!"

Mpigaji alimtazama usoni, akalivuta gogo la kugongea, akagonga. Sakafu ikavuma. Suqin alikuwa amekwisha kurudi na kupiga magoti, shavu juu ya tumbo la Lianzhi, na hapo teke dogo likampata shavuni.

"Mama, umelisikia?"

"Nimelisikia. Hospitali, sasa hivi!" alisema, lakini shavu lake hakuliondoa tumboni.