Handaki la Mpishi

Baba yake fundi cherehani alirudi kutoka vitani na sikio moja bovu na hamu ya kuchimba. Kabla hata hajamaliza kusalimiwa alishika jembe, akachimba handaki nyuma ya nyumba, lenye kona kama nyoka aliyeumwa tumbo. Wakulima wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Wakamwambia vita vimekwisha. Akasema yeye hajaarifiwa.

Eti huko alikuwa mpishi, akikoroga maharage ya kikosi kwa mtutu wa bunduki, na bomu likianguka alifunika sufuria kwanza, kichwa baadaye. Usipoamini, shauri yako. Lakini kila jioni aliwashusha handakini wanawe pamoja na mdogo wake wa mwisho, akawaita mmoja mmoja, na hakuna aliyepanda kula kabla hajaitika "Nipo." Asubuhi moja vitani aliwaita wenzake chai, wengi hawakuitika, chai ikapoa sufuriani.

Alipofariki, nyumba ilibaki kwa binti yake, yule fundi. Yule mdogo wa marehemu, sasa mzee mwenye kitambi, akaja na vibarua na matoroli ya udongo: shimo lifukiwe, ajenge vyumba vya kupangisha. Binti hakubishana. Alishusha cherehani handakini, akavaa kofia ya chuma ya baba yake, akaendelea kushona shati la mteja kana kwamba yuko barazani.

Vibarua wakatazamana. Baba mdogo akafoka kwamba kaka yake hakuwa askari wa maana, vitani alimenya vitunguu tu.

"Basi mwaga, baba mdogo," akasema, macho kwenye sindano. "Ila shati ni la watu, ulifukie vizuri."

Mzee akapandwa na hasira, akasogea ukingoni amvute mkono. Ukingo ukameguka, akateleza kwa makalio hadi nyuma ya kona, asionekane tena. Fundi akaacha cherehani.

"Baba mdogo?"

Akaita tena, akinyoosha shingo kuelekea kona.

"Nipo," ikajibu sauti ndogo, kama ya mtoto aliyekuwa akisubiri kupanda kula.

Mzee alitoka akijipangusa suruali, hamtazami mtu. Akawaambia vibarua udongo wakaumwage barabarani, kwenye mashimo.

Fundi hakupanda upesi hivyo. Matoroli yalikuwa bado yanaonekana, na shati lilibakiza mkono mmoja. Akaiweka kofia sawa, akakanyaga cherehani.