Mikro ya Masikio Manne

Anayetaka kubisha aje kwangu, hapa Kindu. Nitampa kiti, nitamwekea sauti, asikilize kwa masikio yake mwenyewe, kisha arudi kwao kimya. Mimi si mtu wa kutunga. Shuleni nilikaa kidogo tu, nikatolewa ili nilee wadogo zangu, na tangu hapo kazi yangu ni shamba, soko na watoto. Haya ninayoandika yamenipata mimi, na yamenikasirisha miaka mingi, na hasira yenyewe bado ninayo.

Kwetu, mapasa wakizaliwa, yaani mapacha, wanawake lazima wawaimbie. Tunamzunguka mama na watoto wake, tunapiga makopo, tunaimba maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma. Mchungaji hapendi nyimbo hizo, sheikh naye hapendi; hilo njo jambo moja ninalojua wamekubaliana. Lakini mapasa wasipoimbiwa huona wamedharauliwa, na mmoja anaweza kuondoka. Hilo kila mtu hapa analijua.

Wakati wa vita tulikimbia mji. Tulivuka mto kwa mtumbwi, tukapita Alunguli, tukaingia msituni, familia nzima ya mume wangu. Tulilala chini ya majani ya migomba, tukala mihogo bila chumvi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na mimba kubwa, akajifungulia hukohuko. Mapasa! Wavulana wawili, Asani na Useni. Asani alikuwa na nguvu. Useni alikuwa mdogo kama njiwa, na tangu atoke tumboni alishikwa na kwikwi. Kwikwi, kwikwi, bila kupumzika, mpaka tukaogopa hata ile sauti ndogo isije ikasikika njiani, maana wenye bunduki walikuwa wanapita karibu.

Sasa niambie, nani angeimba pale? Tuliwaimbia kwa midomo bila sauti. Tulipiga makofi bila viganja kugusana. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya wifi, nimemwegemeza kifuani pangu, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukaa peke yake. Kumbukeni nilipokaa: nyuma yake.

Watu husema mambo ya namna hii hutokea usiku. Uongo. Ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika, jua linapenya kwenye majani. Na nyuma yangu mtu akaanza kuimba wimbo wa mapasa. Kwa sauti kubwa. Kwa sauti yangu.

Naomba mnielewe. Sisemi sauti inayofanana na yangu. Nasema yangu. Zamani nilikuwa na sauti nyembamba, kali, ikipanda inavunjika kidogo mwishoni, na kwenye harusi na matanga watu walinijua kabla hawajaniona. Hiyo njo niliyoisikia, na mdomo wangu umefungwa. Nikageuza shingo. Kulikuwa na mwanamke amesimama, amenipa mgongo, karibu kabisa. Kikwembe alichovaa kilikuwa kikwembe changu, pamoja na kile kiraka cha bluu kwenye nyonga nilichokishona kwa mkono wangu. Nikajitazama: kikwembe changu kilikuwa mwilini mwangu, na kiraka chake. Nilipoinua macho hayupo, na sauti ilikuwa nyuma yangu tena, upande wa pili. Nikageuka, ikahama. Uso wake sikuuona. Mpaka leo sijauona.

Halafu risasi. Tukakimbia, kila mtu na alichokishika, mvua ikarudi juu yetu. Kabla jua halijazama, kwikwi ya Useni ilikatika, na yeye akakatika nayo.

Na nani aliyeshtakiwa? Mimi.

"Weye njo uliimba," wifi aliniambia, mtoto amelala mapajani mwake. "Nilikusikia hapa, nyuma ya sikio yangu. Weye njo uliwaita hawa watu. Weye njo umeniulia mutoto."

Waliokuwa pembeni nao wakasema ndiyo, ilikuwa sauti yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Nilisema kuhusu yule mwanamke, wakatazamana. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinigeuzia mgongo akafunga mzigo wake, na mgongo ule ulinichoma kuliko maneno ya dada yake.

Tangu siku hiyo sikuimba. Hata kwenye harusi ya binti yangu nilifunga mdomo. Sauti nayo ikaharibika. Leo ninayo sauti ya mlango mbovu. Na wifi, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mapasa, akaweka sheria yake: nisishike mtoto yeyote wa Asani. Asani akakua, akaoa, akawa anaenda machimbo ya Kama kuchimba dhahabu na kurudi, akazaa mmoja baada ya mwingine. Mimi naleta sabuni, naleta sombe ya majani ya muhogo, nakaa kwenye kiti cha mlangoni, natazama watoto wakipita mikono ya wengine. Mimi, bibi yao! Nyinyi mngekubali?

Juzi juzi mke wa Asani akajifungua. Mapasa tena, wavulana. Yule mdogo wakampa jina la Useni.

Binti yangu Feza anafanya kazi kwenye redio hapa mjini. Akasema wanaojua nyimbo za mapasa tumebaki wachache, bora tuzinase. Akaja na mikro ya redio, ile maikrofoni ya kushika mkononi. Ilikuwa alasiri, uani kwa Mama Mapasa, chini ya turubai. Wanawake wakazunguka na makopo yao. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, mdomo umefungwa kama kufuli. Kwa zile kelele, hakuna aliyesikia kitu cha ajabu. Lakini Feza alipoturudishia wimbo, sauti iliyopanda juu ya zote ilikuwa yangu. Ile ya zamani. Nyembamba, yenye kuvunjika mwishoni.

Mama Mapasa akasimama. "Munaona? Anatudanganya ati sauti imekufa! Anaificha, muchawi huyu, anaitoa tu kwa mapasa."

"Mdomo wangu ulifungwa, wifi. Ulikuwa unanitazama."

"Nilikutazama saa gani? Nilikuwa nazunguka! Na hii mashine, ulishaikosea nini mpaka ikusingizie?"

Nikainuka. Nikachukua kitambaa changu nikatoka, na wale wanawake wakanipisha njia kana kwamba nina ukoma. Nilisema peke yangu njia nzima mpaka nyumbani, na si kwa woga. Kuibiwa mara moja inatosha. Mara ya pili unaibiwa mbele ya watu, na wanamshangilia mwizi?

Feza akanifuata. "Mama, hii mikro ina sikio moja. Inachukua sauti zote na kuzitwanga pamoja kama sombe kwenye kinu. Haisemi nani alikuwa wapi."

"Iko inayosema?"

"Iko. Inasikia mbele na nyuma, kushoto na kulia, na ukiweka bafle za kutolea sauti kila pembe, ya kila upande inatoka upande wake. Lakini ile nzuri ni ya watu wa sinema. Hatuiwezi."

"Basi twende tutafute tunayoiweza."

Sokoni tulimkuta papa mmoja, yaani baba wa makamo, mwenye tumbo, anauza redio, nyaya na simu zilizotumika. Alituletea kwanza mikro inayong'aa, kibandiko chekundu kimeandikwa kwamba inasikia pande zote. Nikamwambia papa, karatasi imebandikwa nje, mimi nauliza ndani. Nikavaa kaske masikioni, nikafumba macho, nikamwamuru Feza aizunguke mikro huku akiongea. Alienda mbele, akaenda nyuma ya meza, sauti yake ilibaki palepale katikati ya kichwa changu.

"Hii ni kiziwi," nikasema. "Kwa nini umeibandika uongo?"

"Koko, bibi yangu, si mimi niliyebandika."

"Lakini ni wewe unayeuza."

Akaleta nyingine ndefu kama gunzi la mahindi. Hiyo inasikia pale tu unapoielekeza, yaani lazima uwe umeshajua adui yuko wapi. Akaleta mikro nne na nyaya zake. Hizo zingefaa, Feza alizishika kwa tamaa, lakini zinahitaji sanduku la kuziunganisha, na sanduku linahitaji umeme, na umeme wetu mnaujua. Mwisho, huku ananung'unika, akatoa chini ya meza kimashine kimechubuka, kinaingia kiganjani, cha betri. Masikio mawili yanatazama mbele, mawili yanatazama nyuma, na kinanasa ndani yake chenyewe. Tukakijaribu. Feza akasimama nyuma ya kile kimashine akaongea. Nikasikiliza masikio ya mbele: yuko mbali, kama mtu wa nyumba ya jirani. Nikasikiliza ya nyuma: huyu hapa, pumzi yake shingoni. Nikamwamuru arudie. Nikamwamuru tena.

Yule papa akachoka. "Koko, unanunua ao unaolewa na hiki kitu?"

"Kuolewa nilishaolewa," nikamjibu. "Bwana yangu alikuwa na masikio mawili, hayakunisaidia. Hiki kina manne."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika, akashusha bei. Pesa ya mabati ya jiko ilikwenda pale. Jiko linavuja mpaka leo, na sijutii.

Nikamtuma Asani kwa mama yake: nitarudi kwenye wimbo, na nitajaza maji mdomoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama Mapasa akajibu, "Aje. Safari hii sizunguki. Nitakaa macho kwa macho naye."

Kimashine tukakiweka juu ya kigoda katikati. Mbele yake tulikaa wote: wanawake, mke wa Asani na wale watoto wamelala, mimi, na Mama Mapasa uso kwa uso nami, karibu anikalie. Nyuma ya kimashine ni ukuta wa nyumba. Pale katikati ya kigoda na ukuta hapakuwa na mtu, ila Asani, amewekwa alinde pasipite hata kuku. Nikajaza maji mdomoni mbele ya macho ya wifi. Wimbo ukaimbwa wote. Ulipokwisha nikayatema kwenye kikombe, akakiinua, akachungulia ndani.

Bafle nne tuliziazima, mbili kanisani na mbili kwenye baa, tukazipanga sebuleni kwake, mbili mbele na mbili nyuma. Feza akafungua zote. Sauti yangu ikapanda.

"Njo huyo," alisema Mama Mapasa. "Maji yake ni ya uchawi."

"Feza," nikasema, "funga za mbele."

Akazifunga. Wanawake wote wakafifia, wakawa kama wako ng'ambo ya mto. Sauti yangu peke yake ikabaki, kubwa, karibu, inatoka ukutani, inahama taratibu kushoto kwenda kulia, kama mtu anayecheza ngoma huku anaimba. Ilikuwa sauti ya msichana, na mimi nimekaa pale na mvi zangu.

Asani akashika kichwa. "Nilikuwa pale mimi. Mama, nilikuwa pale. Hakukuwa muntu."

Halafu, chini ya wimbo, tukaisikia. Kwikwi. Kwikwi. Kwikwi.

Mke wa Asani akasema watoto wake walikuwa wamelala fofofo. Feza akafungua za mbele, akafunga za nyuma: pumzi za wale watoto wawili, basi. Akarudisha za nyuma: kwikwi, kwikwi, na ile sauti yangu ikashuka, ikawa inabembeleza.

Mama Mapasa aliinuka kama mtu anayetoka majini. Akaenda kwenye bafle ya nyuma, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha bafle hiyo, polepole, namna unavyogusa kifua cha mtoto kujua kama anapumua.

"Useni," akasema. Kisha akamwambia Feza, "Rudisha." Feza akarudisha. "Rudisha tena."

Mwisho alisimama, akamtoa Useni mdogo kwa mama yake, akanijia naye. "Shika kichwa vizuri."

Mikono yangu ilimtaka yule mtoto, Mungu anajua. Niliikunja. "Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Ulisema mbele ya watu. Sema mbele ya watu."

Aliwatazama waliokuwemo sebuleni. Kisha akanigeukia. "Hukuimba," akasema. "Haikuwa weye."

Nikampokea mtoto. Akanishika kidole. Miaka yangu yote ile, na malipo yake ni maneno matatu! Bado nakasirika nikiandika. Lakini nilikishika kichwa vizuri.

Sasa naimba tena, kwa hii sauti yangu ya mlango mbovu. Kila tukiimbia mapasa, Feza analeta kimashine, tunaacha nafasi wazi nyuma yake, na kila mara, tukisikiliza baadaye, yule yuko. Mimi mzee niko mbele, mimi msichana niko nyuma. Mama Mapasa huja kwangu kusikiliza kwikwi. Simnyimi, lakini lazima aombe kwa mdomo wake, kila mara. Na huyo wa nyuma, simsamehe. Kama alikuja kumlea Useni, kwa hilo ahsante. Lakini mbona hakutumia koo lake? Mbona alinitupia mimi lawama, akaenda zake na ujana wa sauti yangu? Nimemwuliza nikiwa nimegeukia ukuta. Hajibu. Anaimba tu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukisikia sauti ya mtu mahali pabaya, usimtaje jina mpaka ujue imetoka upande gani. Na mapasa wakizaliwa kwako, hata vita iko mlangoni, waimbieni wenyewe hapo watakapoweza kusikia, hata kwa kunong'ona. Msipowaimbia, yuko atakayewaimbia, na ataazima koo la mmoja wenu bila kumwomba.