Buluu Iliyokaribia Kuwa Nyeusi

Nilikwenda Iringa kumhudumia dada yangu aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji, na huko ndiko nilikokutana na mume wangu. Mimi ni mtu wa Uyole, kule Mbeya, nimekulia kwenye baridi, viazi na malori. Iringa niliiona mji wa miinuko tu, unaokumaliza miguu kabla hujafika sokoni. Shemeji yangu alikuwa na duka la vinywaji, na chupa zilizovunjika midomo alizigawa kwa karakana moja ya kanisa. Pale waliziyeyusha na kutengeneza glasi, bakuli na vyombo vya maua. Siku moja alinituma nisindikize magunia.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya tanuru akipuliza bomba refu la chuma. Kwenye ncha ya bomba kulikuwa na tone kubwa linalowaka, likivimba taratibu kama shavu la mtoto. Nikamsalimia, "Kamwene." Hakuitikia. Nikamwona ana majivuno. Alipomaliza alikiweka chombo chake kwenye tanuru dogo la kupozea, akanawa mikono, ndipo akanijia.

"Kamwene, dada. Ningekuitikia pale, pumzi ingekatika na kile chombo kingepinda."

"Ni cha rangi gani?"

"Kijani."

"Mbona nimekiona chekundu?"

"Ule ni moto. Kioo chochote kikiwa motoni kinafanana na kingine. Rangi yake unaijua kikishapoa."

Nilirudi pale mara nyingi kuliko chupa zilivyohitaji. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini ukimgusia rangi hanyamazi. Mchanga karibu wote una chuma kidogo ndani yake, aliniambia, na chuma hicho ndicho kinachoipa chupa ya kawaida ule ukijani wake. Chupa za bia zinapata ukahawia kwa chuma hicho hicho kikichanganywa na salfa na makaa. Shaba ilikuwa inamfurahisha kuliko vyote. Tanuru likipata hewa ya kutosha, shaba inatoa rangi ya anga; moto ukibanwa hewa, shaba ile ile inatoa nyekundu ya damu. Ipo nyekundu nyingine, ya waridi, inayotokana na vumbi la dhahabu. Kioo hicho kinatoka motoni kimepauka, na ukikipasha tena ndipo rangi inaiva. Hiyo aliionyeshwa mara moja tu na mzungu aliyewafundisha kazi, na aliizungumzia kama mtu anayemzungumzia ndugu aliye mbali.

Buluu ilitokana na kobalti, unga mweusi waliouhifadhi kwenye kopo lenye kufuli. Ukichota kwa ncha ya kisu, unatosha kugeuza chungu kizima cha kioo kilichoyeyuka.

Tulifunga ndoa kwenye kanisa la Kilutheri la nyumbani kwao, njia ya Idodi, mama yake akicheza mbele yetu hadi akapoteza kiatu. Tuliishi Iringa miaka mizuri, tukapata binti, tukapata na wa pili. Kisha wafadhili wa karakana wakaacha kutuma fedha. Mafuta ya tanuru yalipokwisha, tanuru likaachwa lipoe. Tanuru la kioo likipoa hovyo linapasuka, na lile lilipasuka tangu mdomoni hadi chini. Mume wangu alilitazama, akakusanya mabomba yake ambayo hakuna aliyeyataka, akaniambia, "Twende kwenu."

Uyole nilikuwa na kiwanja nilichoachiwa na baba. Akajenga tanuru lake mwenyewe nyuma ya nyumba kwa matofali ya kuchoma na udongo aliouchagua kwa kuuonja. Moto aliuwasha kwa oili chafu kutoka gereji za malori. Miwani ya kazi aliyopewa Iringa ilivunjika kioo cha upande mmoja mwaka ule wa kwanza. Mingine ya aina ile hatukuipata Mbeya, na fundi wa miwani mjini alituuzia ya jua, ambayo mume wangu aliivaa siku chache akaitupa. Akawa anatazama moto kwa macho matupu. Umeme ulipokatika wakati vyombo viko kwenye tanuru la kupozea, lililotumia umeme, tulivisikia vikipasuka kimoja kimoja, na yeye alikaa nje akisubiri viishe.

Hata hivyo tuliishi. Hoteli ndogo ndogo za njia ya kwenda mbugani, kule kwao, zilianza kuagiza vitu vyake. Hoteli mojawapo ikaagiza glasi na jagi za buluu kwa ajili ya meza zake, buluu ya anga ya asubuhi.

Nilikuwa nikimsaidia kufunga vyombo kwenye majani makavu, na mimi ndiye niliyeona kwamba buluu inazidi kukolea. Glasi za mwanzo zilikuwa nzuri. Zilizofuata zilikuwa kama wino. Nilichukua moja nikaenda nayo mlangoni, nikaweka kidole nyuma yake, kidole hakikuonekana.

"Baba watoto, umezidisha dawa ya rangi."

"Nimezidisha wapi? Bado imepauka."

"Imepauka? Hebu itazame vizuri."

Akaipokea, akaielekeza kwenye jua, akaizungusha. "Hii ni kama maji yaliyofuliwa shuka," alisema. "Wewe unaangalia kivulini."

Tulibishana, na mabishano yetu hayakuwa ya kawaida, kwa sababu tulikuwa tumeshika kitu kimoja mchana kweupe na kila mmoja akisema anachokiona. Akautuma mzigo kwa dereva. Baada ya siku chache dereva alirudi na maboksi. Meneja wa hoteli alikuwa amebakiza jagi moja tu, na salamu zake zilikuwa kwamba wageni hawawezi kunywa maji kwenye glasi inayofanana na chupa ya dawa. Mume wangu alisema meneja anatafuta njia ya kukwepa mapatano. Alirudi tanurini siku hiyo hiyo, na chungu kilichofuata alikitia kobalti zaidi. Vyombo vilivyotoka, ukiviweka mezani, vilikuwa vyeusi.

Chai ndiyo iliyomaliza ubishi. Asubuhi moja alikuwa akijimiminia, na chai ikawa inaanguka pembeni ya kikombe, juu ya kitambaa, ikimwagika hadi kwenye mapaja ya binti yetu mdogo. Mtoto alipiga kelele. Yeye alikuwa bado ameinamisha birika.

Hospitalini Mbeya daktari alikuwa mama mmoja mpole. Alimulika jicho la kwanza, akamulika la pili, akauliza kazi yake. Kisha akatueleza kwamba ugonjwa wa mtoto wa jicho umekomaa kwenye macho yote mawili, na kwamba joto la moto kwa miaka mingi huuleta mapema.

"Ni kama unatazama dunia kupitia glasi ya chai ya rangi," alimwambia. "Manjano na nyekundu zinapita. Buluu inakwama."

Nilimwona mume wangu akifikiri. Tulipofika kwenye korido ndipo akasema, "Kwa hiyo meneja alikuwa sahihi."

Walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia. Sikumbuki kama nimewahi kuomba kama nilivyoomba siku zile. Nilivaa kitenge changu kipya siku ya kufunguliwa bandeji, kwa makusudi, kitenge cha buluu chenye maua ya njano, nikasimama mbele yake. Daktari akafungua, akafuta, akamwambia afumbue taratibu.

"Unaona nini?"

"Mwanga," alisema. "Pale ni dirisha."

"Na mbele yako?"

Alinyoosha mkono, akagusa kitenge. "Ni mke wangu." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama watu wengine hawapo, "Umevaa rangi gani?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kulala akiangalia juu.

Daktari alirudi na wenzake wawili, wakapima tena na tena. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeondoka vizuri, walisema. Lakini nyuma yake kulikuwa na ugonjwa mwingine, presha ya macho, ambao hauumi wala hautoi taarifa, na ulikuwa umeshaula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa ukifa haurudi. Jicho la kushoto lilikuwa baya zaidi. Nikamuuliza daktari kama kuna hospitali nyingine, Dar es Salaam, India, popote. Alinishika bega. "Mama, nikikutuma huko nitakuwa nakudanganya."

Mwanga wa dirishani nao uliondoka kidogo kidogo. Kipindi hicho aliendelea kwenda tanurini, akikaa kwenye kigoda chake mbele ya mdomo baridi wa tanuru, mabomba yakiwa yameegemea ukuta. Nilijaribu kumtia moyo. Nilimwambia angeweza kufundisha vijana kwa mdomo. "Nitawafundisha nini?" alisema. "Nitawaambia kijani iko wapi?" Mwishowe nikaacha kumwambia.

Mama mmoja mkusanyaji wa vyombo vya kioo alikuja wakati wa mavuno ya viazi. Alitoka Dar es Salaam, amelala kwenye ile hoteli ya njia ya Idodi, na mapokezini akaikuta jagi iliyobakizwa na meneja, imewekewa maua makavu. Aliuliza ilikotoka mpaka akafika kwetu. Nilimkaribisha, mume wangu akatoka kwa kupapasa ukuta, akaketi. Nilileta maboksi yaliyokuwa yamerudishwa pamoja na vile vyombo vyeusi vya mwisho.

Alivitoa kwa mikono miwili kila kimoja. Alituonyesha anachokitazama: viputo vya hewa vilivyonaswa ndani, kovu chini ya chombo pale kilipotenganishwa na bomba, ukingo usiolingana. Vya kiwandani, alisema, vyote vinafanana, hakuna anayevipenda kwa muda mrefu. Mtu anayekusanya anatafuta dalili za mkono, na anatafuta rangi ambayo hawezi kuipata kwingine. Glasi za mwanzo, zile nzuri, aliziweka pembeni. Kisha akainua bakuli jeusi kwenye jua la mlangoni, na mimi mwenyewe nikaona: katikati ya weusi iliwaka buluu niliyokuwa sijaiona, nzito, kama imetoka chini sana.

"Nimeona kobalti nyingi," alisema, "lakini sijaona fundi aliyethubutu kutia kiasi hiki. Baba, ulipataje ujasiri?"

"Nilikuwa sioni," mume wangu alijibu.

Mama yule alicheka. Kisha akamtazama vizuri, akanitazama mimi, akaliweka bakuli chini.

"Nisamehe, baba."

"Si kosa lako."

Halafu mama yule akaniuliza mimi, kwa sauti ya kunong'ona ambayo mume wangu aliisikia, kama kuna vingine vitakavyotengenezwa. Nikasema hapana. Akasema basi anaomba vyote vyeusi, asiache hata kimoja. Niliuona uso wake ukibadilika, na alijua nimeuona, kwa sababu alisema, "Ndivyo ilivyo, mama, na mimi sipendi iwe hivyo. Kitu kikishakoma kutengenezwa ndipo watu wanakitafuta."

Nilitaka nibakize bakuli moja kwa ajili ya binti zetu. Mume wangu alikataa.

"La nini? Hayo ni makosa, mke wangu. Kila moja ni kosa. Mpe."

Akapewa. Baadaye alinitumia picha kwenye simu: kabati la kioo lenye taa chini, vyombo vyetu vimepangwa, vinawaka, na watu wamesimama mbele yake wakiinama kutazama. Nikaanza kumweleza mume wangu. Akaniomba niache. Tanuru alisema livunjwe, na matofali yake sasa ni banda la nguruwe.

Jambo moja daktari alilisema siku ile ya mwisho, nami nililisikia nusu kwa sababu nilikuwa nikilia: presha ya macho hutembea kwenye ukoo, watoto wapimwe mapema. Binti mdogo nilimpeleka, wakasema arudi kila mwaka. Mkubwa yuko Iringa chuoni, na tangu mwaka jana analalamika kwamba akisoma kichwa kinamuuma na taa anaziona zina duara. Nilimpigia tena jana. Alisema ana mitihani, atakwenda kupimwa chuo kikifunga. Nikamwambia aende kesho. Akasema, "Mama, naogopa," akakata simu.

Baba yake alikuwa ameketi pembeni yangu. Alikuwa amesikia yote. Tukakaa hivyo hadi chakula kikapoa.